Tela Likianza Kuyumba

Mwanangu, chai iko kwenye chupa. Funguo za gari ~~nimezificha~~ ziko chini ya sahani.

Asubuhi nimekuta mashine ya kuchomelea umeipakia nyuma kabisa ya tela, eti iwe rahisi kushusha. Umemrithi marehemu baba yako mpaka kwa hilo! Nimemwita jirani, tumeisogeza humo humo kwenye tela, mbele kidogo ya magurudumu, na kuifunga kamba. Usiirudishe nyuma, tela litayumba, kichwa kigumu wewe.

Nenda polepole. Tela likianza kuyumba, usikanyage breki. Toa mguu kwenye mafuta, nyoosha usukani, litatulia lenyewe.

Baba yako aliyajua hayo yote. Siku ile ya ajali alikanyaga kwa sababu mimi, niliyekaa pembeni yake, nilipiga kelele, "Breki! Breki!"

Ndiyo maana nimekataa kupanda na wewe.

Mama