Vidonge Nilivyomletea Dada

Nyamiaga, Alhamisi jioni

Mama amevitupa chooni. Vidonge vyote vya tumbo nilivyomletea dada Spesioza kutoka kambini, ninakofanya kazi ya uuguzi. Anasema dawa za wakimbizi ndizo zilizomlemaza miguu. Nilikasirika. Lakini hata mimi niliogopa hivyo hivyo, maana nilimpa kwa mkono wangu.

Leo nilimuuliza daktari wetu. Alisema zipo dawa zinazoweza kuleta ganzi. Lakini ugonjwa anaoushuku kwa dada ni wa kinga ya mwili kushambulia mishipa ya fahamu ya mwili wenyewe, na hajui kidonge cha tumbo kinachouanzisha. Akaniuliza, "Hali hii ilianza lini?"

Nilipofika nyumbani nikamuuliza dada. Hakutaja mwezi. Alisema jicho la kushoto lilififia tukipura maharage, mwaka niliomaliza shule ya msingi, na msimu huohuo mguu ukafa ganzi, akaangusha mkungu wa ndizi njiani. Baadaye vikapona vyenyewe.

Mwaka ule kambi ilikuwa bado pori. Hakukuwa na mkimbizi wala kidonge.

"Mbona hukusema, dada?"

"Ningesema, nani angepalilia?"

Basi si mimi. Nilishusha pumzi, hata nikacheka, nikataka kukimbia kumwambia Mama. Naona aibu kuandika jinsi nilivyofurahi.

Kabla sijainuka, dada akaniomba nimvue ndala zinazombana, miguu ipumzike kidogo.

Niliinama. Hakuwa amevaa ndala.