Mkono Uliochuma Korosho

Oliva, wewe hukutazama. Asubuhi mtaalamu alipomvisha mama yako ile miwani ya kompyuta achume korosho za hewani, za picha tu, ulipigia makofi kioo cha kompyuta: "Mama kapona!" Mimi niliangalia mikono. Kiharusi kimelaza wa kulia. Korosho zote kachuma kwa wa kushoto. Kabla ya hapo wataalamu walimuuliza, "Unatumia mkono upi?" Akajibu ukweli, "Wa kushoto," wakafunga kifaa cha kuchumia kwenye mkono huo huo. Wamekosea, au walitaka picha nzuri? Wale waliotangulia, walioleta baiskeli ya mazoezi, nao walipiga picha, wakaondoka na baiskeli. Sijasahau.

Uji uko jikoni, mpelekee huko zahanati. ~~Mlishe.~~ Mpe kijiko mkono wa kulia, umsubiri.

Mimi wamenitoa zahanati, eti nina kelele. Wewe ni mwanawe, watakusikiliza. Saa sita wataalamu wanarudi Newala na karatasi ya "amepona". Kimbia zahanati sasa hivi, wahamishie kifaa mkono wa kulia!

Mjomba wako