Ngobyi Iliyonibeba

Mjukuu wangu Aline,

Salamu kutoka Giheke. Nyanya yako anakusalimia kwa sauti yake kubwa, na mbuzi wetu amezaa mapacha.

Unaniuliza Mungu anakuwa wapi batu bakiteseka. Nilipokuwa kijana, mwenye nguvu kuliko bote, nilikataa kusaidia kubeba bagonjwa kwa ngobyi, kile kitanda cha miti. "Mimi siuguagi!" nilijivuna. Halafu nikavunjika mguu vibaya. Banaume bane niliobacheka bakanibeba mbio mpaka hospitali, mguu usije ukakatwa. Mmoja akauliza, "Papa Siuguagi, mbona uko muzito hivi?" Bote bakacheka, na mimi pia, machozi yakitoka. Pale juu ya mabega yao nilisali mara ya kwanza bila kulazimishwa.

Nilipopona, nikashika mti wa mbele wa ngobyi. Nyanya yako akienda kuzaa papa yako, nilimubeba mimi. Muulize kama nilimutikisa.

Babu yako, mwenye miguu miwili