Diski Iliyokombolewa kwa Jogoo

Kaka Maganga,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa sababu Mama yuko hapa pembeni yangu, na angekuwa na kauli angenigombeza nisipoanza nayo. Lakini nina hasira na wewe. Ujue hivyo mapema.

Mama haongei. Siku ulipoletwa nyumbani kutoka mochwari alikaa chini mlangoni, na kiharusi kikamchukua palepale. Mkono wa kulia umelala, na ulimi nao. Hakukulilia, Kaka, alishindwa. Tangu hapo namlisha uji, namgeuza, na duka lako la kutengeneza kompyuta kule Ng'ambo nalifungua nikipata mtu wa kunishikia zamu.

Wateja walikuita Njoo Kesho na wewe ukacheka. Tumbo lilipokuuma nikakwambia nenda hospitali, ukasema kesho. Na ile sauti ya Mama, mliyorekodi mmekaa uani hapa Gongoni, akisimulia Usoke na mabani ya kukaushia tumbaku, jinsi Baba alivyomtorosha, nyimbo za kulimia alizofundishwa na bibi, nilikwambia ikopi na mahali pengine. Kesho, Kalunde. Wewe uliyekuwa ukiwasema watu wazima dukani kwa kuweka kila kitu sehemu moja! Sauti yote ya Mama iliyobaki duniani umeiacha kwenye diski moja, ndani ya kompyuta moja, juu ya meza inayoyumba.

Sasa sikia kompyuta ilikoenda. Msibani walikuja watani zetu Wagogo, maana huo utani haujafa tangu mababu walipopita kwao na mizigo wakienda pwani. Mmoja wao, Chilongani, alivaa koti lako la kazi, akashusha miwani puani, akawa anawaambia waombolezaji, "Njoo kesho." Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, na kicheko kile bado kinaniuma. Kisha akapakia kompyuta yako kwenye toroli, akaondoka nayo ikigonga kila jiwe la njiani, akasema haitarudi mpaka aletewe jogoo.

Ndivyo ifanyikavyo, unajua. Unatoa jogoo, mnacheka, kitu kinarudi. Lakini Baba Mkubwa siku hizi ni mzee wa kanisa, akasema mambo hayo ameshayaacha, hatoi hata unyoya. Na mtani naye harudishi kitu kisichokombolewa. Basi kompyuta ikakaa jikoni kwa Chilongani masika yote, kwenye moshi, chini ya bati linalovuja. Watu wazima wawili wanashindania jogoo. Hakuna aliyeuliza ndani yake mna nini, na mimi nilipowaambia, Baba Mkubwa alisema niache kiherehere.

Jogoo nilimpeleka mwenyewe. Chilongani akampokea kwa mikono miwili, akalia, akasema alikuwa anasubiri tu. Nikamshukuru. Moyoni nilikuwa namtukana.

Kompyuta haikuwaka. Nikafungua skrubu, nikachomoa diski, nikaifuta masizi. Nilinunua lile kava kubwa la kuwekea diski, lenye umeme wake na waya wa kuchomeka kwenye laptopu. Nikafanya kila kitu ulivyonifundisha. Nililinganisha meno na tundu bila kulazimisha. Nikafunga skrubu kwa kukatiza pembe, si kwa mzunguko. Nikachomeka kwenye tundu la bluu, kwa sababu uliniambia lile jeusi ni punda kwa mwendo. Diski ikaanza kuzunguka. Nilimshika Mama mkono nikamwambia, sasa hivi utajisikia.

Halafu nikakutii mara moja zaidi. "Kalunde, usikopi kitu kabla hujapima mwendo." Nikawasha ile programu yako ya kupimia. Ilianza vizuri, megabaiti mia na kitu kwa sekunde, ikashuka themanini, ikashuka kumi, kisha ikabaki kwenye mbili huku diski ikigonga ndani kama mtu anayebisha hodi. Hapo ndipo nilipoelewa. Kanuni yako ni ya diski nzima. Mgonjwa mahututi humpimi mbio, unamtoa kwanza ndani ya nyumba inayoungua. Hilo hukunifundisha, Kaka. Au labda ungenifundisha kesho.

Nikaikatisha programu, nikafungua folda ya Mama, nikaanza kukopi. Faili la kwanza, dogo, likavuka. La pili likafika katikati likasimama. Diski ikagonga tena, ikanyamaza, na folda ikapotea kwenye kioo. Nimeipumzisha, nimebadilisha waya, nimebadilisha laptopu. Kimya. Usoke imekwenda. Bibi na nyimbo zake wamekwenda.

Nikafungua hilo faili moja. Unasikika wewe: "Moja, mbili, moja, mbili. Mama, sema kitu." Mama anacheka, halafu anakiamkia kinasa sauti kama mgeni aliyeingia uani: "Mwangaluka." Nawe unamwambia, "Ngoja Mama, hii ni ya kujaribia tu, tunaanza sasa hivi." Limeishia hapo. Wewe bwana na majaribio yako.

Nilitaka kuibamiza laptopu chini. Lakini Mama alikuwa ameinua mkono wa kushoto, anaonyesha kioo, turudie. Nikarudia. Hakuwa anajisikiliza yeye. Kila ulipofika kwenye "moja, mbili" midomo yake ilitikisika, na machozi yakamtoka, yale aliyoshindwa kukulilia siku ya mazishi. Alilia kwa sauti, Kaka. Sauti isiyo na maneno, lakini ni yake. Nilikaa naye chini tukakulilia.

Sijakusamehe. Lala, lakini ujue sijakusamehe. Faili hilo nimeshalikopi kwenye simu yangu, kwenye simu ya Baba Mkubwa bila kumwomba ruhusa, na kwenye flashi niliyomkabidhi Chilongani aitunze. Dukani kwako nitaendelea, ila kile kibao chako cha "Njoo Kesho" nilichokuchorea kwa mzaha nimekitoa ukutani. Atakayeniletea diski inayogonga nitamkopia kwanza, leo leo, akiwa amesimama hapo hapo. Nitapima baadaye.

Mama ameinua mkono tena. Ngoja nimwekee.

Mdogo wako,
Kalunde