Wodi Iliyokosekana Kwenye Ramani

Mjukuu wangu Wambui,

Sasa mpenzi? Huku Kabazi tuko wazima. Guka, babu yako, bado anakohoa, lakini shambani haachi kwenda.

Umeniuliza kwa nini sitii sahihi kabla ya kusoma karatasi yote. Mwaka wa 2007 nilikuwa diwani. Watu wa afya na injinia wao walituletea barazani mpango wa kujenga upya hospitali yetu ndogo, wenye eksirei na maabara. Tulifurahi. Mwenyekiti akauliza nani anakubali, na wa kwanza kuinua mkono nilikuwa mimi. Mpango ukapita. Ndipo nikaifungua ramani ya jengo jipya nione wodi yetu ya kujifungulia. Haikuwepo.

"Injinia, akina mama watajifungulia wapi?" nikauliza.

"Nakuru, mheshimiwa. Imeandikwa ukurasa wa mwisho."

Mama yako nilimzaa katika wodi hiyo, mvua ikiwa imekata barabara ya Nakuru.

Nikasimama. "Mwenyekiti, nimepitisha kitu ambacho sijasoma. Naomba turudie kura."

Madiwani wakacheka. Kisha mzee mmoja akafungua ukurasa wa mwisho, akausoma. Wengine nao wakafungua. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefika hapo.

Tulipiga kura upya, mpango ukarudishwa, na wodi ikabaki. Wiki iliyofuata, mama mmoja mjamzito alinisimamisha sokoni akanishika mikono. "Asante kwa kututetea," akasema.

Wambui, sikuweza kumtazama machoni.

Ni mimi shosho wako, ninayekukumbuka kila siku.