Mtu wa Kumi wa Bwana Nissim

Jumapili, 30 Oktoba

Wamefika. Wavulana wanane, wasichana kumi na mmoja — Melbourne, Leeds, Johannesburg — na mabegi makubwa kuliko wao. Wamemaliza shule, chuo wamekiahirisha mwaka mzima, na wazazi wamewaleta huku Galilaya wajitolee na waijue nchi. Mimi Penina, mwenye miaka hamsini na miwili, niliyeandika gazetini kwamba miaka ya namna hii ni utalii uliojifunika shuka ya ibada, ndimi mlezi wao. Sifuti hata neno moja.

Lakini leo! Tuliingia kwenye bustani ya matufaha kuokota yaliyoachwa na wavunaji, kwa ajili ya maskini. Makreti sitini na moja kabla ya saa sita. Wanaimba huku wakiokota, tena vibaya. Mgongo wangu umekufa. Sijafurahi hivi tangu nifukuzwe gazetini.

Jumatano, 2 Novemba

Tunapaka rangi sinagogi la kijijini. Mwenye ufunguo ni Bwana Nissim Abekasis, miaka themanini na minne. Yeye na wenzake waliotoka Moroko walilijenga kwa mikono yao. Wenzake wamekufa au wamehamia mjini kwa watoto wao. Amebaki yeye na jirani yake Makhluf, na hao wawili hugombana kila siku juu ya dirisha lipi lifunguliwe.

Alituletea sfenji, maandazi ya Kimoroko, za moto na chai ya nanaa. Nikala nne. Akaniita pembeni.

"Binti, wavulana wako ni wangapi?"

"Wanane."

Makhluf akawahesabu mwenyewe, bila kumnyooshea mtu kidole: "Si mmoja, si wawili, si watatu..." Anaogopa kijicho. Alipofika mwisho akajiongeza yeye na Nissim, akaitikia kwa kichwa kwa furaha.

Jumanne ijayo ni kumbukumbu ya kifo cha Freha, mke wa Nissim. Siku hiyo mume husema Kadishi, sala ya wafiwa, na hapa kwao haisemwi mpaka wapatikane wanaume kumi wa Kiyahudi. Mwaka juzi walipungua wawili. Mwaka jana, mmoja.

"Nilisimama na kitabu mkononi," akasema, "kama mtu aliyeachwa na basi."

Nikamwahidi. Jumanne alasiri, kabla jua halijazama, wote wanane.

Ndiyo, ni mimi niliyeahidi. Mwandishi wa kijitabu cha kurasa sitini kisemacho kwamba mwanamke ni mtu kamili na ahesabiwe kwenye sala. Nimekitetea miaka ishirini, nimetukanwa kwa ajili yake, na mimi nimewatukana walionitukana. Lakini wanane tunao. Vita vya nini?

Batya wa Johannesburg alikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi, anasikiliza kila kitu. Alipaka tu, kwa nguvu mno.

Ijumaa, 4 Novemba

Safari ya Akka. Kuta, mahandaki, samaki wa kukaanga. Wawili walipotea sokoni wakarudi na ngoma. Ndani ya basi Batya akahamia kiti cha jirani yangu. Alifiwa na baba yake akiwa na miaka kumi na saba. Miezi kumi na moja alikwenda sinagogini kila siku kumsomea Kadishi, kutoka nyuma ya pazia la wanawake. Kijitabu changu alikuwa nacho kwenye mkoba.

"Penina, uliyaandika yale kwa ajili ya nani?"

Nikasema: kwa ajili yako. Nilimaanisha.

Jumatatu, 7 Novemba

Kesho asubuhi maporomoko ya maji, alasiri kwa Nissim. Nataka tupite njia ya juu, maji yaonekane yakianguka chini ya miguu yetu. Salim, dereva wa basi, anasema mawe ya juu yana utelezi. Tumebishana nusu saa. Nilimletea jiolojia, historia na takwimu za mvua.

"Ukishamaliza na mimi," akasema, "kabishane na maji."

Nimeshinda. Njia ya juu.

Jumanne, 8 Novemba. Saa saba

Maporomoko yalikuwa mazuri kuliko nilivyokumbuka. Upinde wa mvua uliingia mpaka kwenye nywele za watu.

Kisha Ezri, mmoja wa wale wavulana wanane, akateleza. Kifundo cha mguu kimevimba kama chungwa. Mtoto mwenyewe alikuwa anacheka. Salim ametushusha kijijini, amempeleka kliniki mjini kwa basi. Hakunisuta. Heri angenisuta.

Nimehesabu. Saba, Nissim, Makhluf. Tisa.

Saa tisa u nusu

Nimepiga simu vijiji vitatu. Wanaume wako kazini mjini, watarudi giza likiingia. Jua linazama saa kumi na dakika arobaini na tatu, na siku ya Freha inakwisha nalo.

Nissim amevaa suti. Ya harusi, Makhluf anasema, na bado inamtosha, kwa kuwa hali kitu tangu mkewe afe.

Batya alinishika mkono mbele ya wote. "Tuko kumi na mmoja. Wewe wa kumi na mbili. Mwambie."

Nikamwambia. Nilianza vizuri, vitabu vyote vikanijia. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho.

"Binti, wewe ni hodari. Freha angekupenda, na yeye alinishinda kila siku miaka hamsini na minne. Lakini Amina ya kuniitikia lazima niiamini mimi. Sasa niambie. Leo unataka kushinda, au unataka nimsomee mke wangu Kadishi?"

Nimeondoka mbio kuelekea njia panda.

Saa kumi na robo

Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi la njia panda, la wanaoomba lifti za magari. Magari sita yamepita. Wasichana wamenifuata na vitabu vyao vya sala, wamejipanga kando ya barabara.

Lori la mayai linapunguza mwendo.

Saa kumi na nusu

Dereva ni Myahudi wa kibutzi, kijiji cha ujamaa, kifua wazi, sigara mdomoni. Nikamweleza.

"Mimi? Mara ya mwisho kuingia sinagogi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilifuata keki."

"Hutafanya kitu. Utasimama. Utasema Amina."

"Asubuhi nimekula nyama ya nguruwe, mama."

"Hakuna atakayekuuliza."

Akawatazama wasichana. "Na hawa? Hawajui kusali?"

"Mimi Kadishi naijua kwa moyo," Batya akasema. "Nilimsomea baba yangu miezi kumi na moja."

Akanigeukia. Hakuwa anatania tena.

"Sasa mimi wa nini?"

Miaka ishirini nimewauliza wengine swali hilo hilo. Nikasema: "Kwa sababu mke ni wa yule mzee." Hicho tu. Msomaji wangu yeyote angenichana.

Batya amefungua mlango wa lori, amekaa kiti cha kati, amefunga mkanda. Atasimama na mzee, anasema, na atasema Kadishi pamoja naye, kwa sauti, bila pazia. Mzee akitaka kumkataza, amkataze mwenyewe.

Dereva alikuwa anamwambia bosi wake kwamba atachelewa. Sasa amekata simu. Zimebaki dakika kumi na moja. Anauliza, kijiji ni njia hii?

Nimemwonyesha kwa kalamu hii. Batya hajashuka, na mimi sijamwambia ashuke.