Filamu ya Baba Bila Kukatwa

Baba,

Walitaka nikate kile kipande. Wapenda filamu wa Raskazone walikubali kuonyesha filamu yako ya vichekesho, mwaka mmoja tangu tukuzike, ila kwa sharti pale kivukoni Pangani paondoke. "Pale ndipo inapoharibika," kiongozi wao aliniambia, kwa upole kabisa.

Unapajua. Wewe, fundi cherehani, ulijitungia mchezo wa mwanamume anayejificha ndani ya baibui ili aingie kwenye sherehe ya wanawake akamwone mchumba wake. Baibui ulishona mwenyewe, nikabu ukaipiga pasi, halafu ukapanda kivuko na makubadhi yako ya kiume miguuni. Kamera inakwenda. Muuza samaki mmoja akakutazama miguu, akapaza sauti: "Shikamoo, fundi!" Nawe kutoka ndani ya nikabu, kwa sauti yako nzito: "Marahaba, mwanangu. Wa nyumbani hawajambo?"

Kivuko kizima kiliangua kicheko. Nilikusihi turudie. Ukakataa katakata. "Mtu kanipa heshima yake, nisiipokee? Kwa ajili ya filamu?"

Basi ikabaki. Siku ya kwanza kuonyeshwa, watu walinung'unika: "Kajificha nini huyu, na kila mtu anamjua?" Hata ulipotumbukia kwenye sufuria ya pilau ya ile sherehe hakucheka mtu. Wakaondoka, viti vikikwaruza sakafu. Na mimi, msomi wako, nilijifunika mtandio usoni nisijulikane ni binti wa nani. Uliniona? Sikuwahi kukuuliza. Hilo ndilo... hilo ndilo linaloniuma, Baba.

Juzi niliwajibu: yote, au basi. Wakakubali shingo upande. Nikasimama mbele ya watu, nikasema, "Aliyetunga, akashona, akacheza, ni baba yangu." Wengi waliondoka kabla ya kile kipande cha pilau. Bibi mmoja wa safu ya mbele alicheka mpaka akaomba maji. Nilitoka ukumbini kifua mbele, kama niliyeolewa siku hiyo.

Bado ni filamu mbaya. Sitakudanganya, hukunilea hivyo. Lakini ni yako, na hakuna mahali ndani yake ulipojifanya bora kuliko ulivyo.

Watu wa Kigombe nao wameiomba. Nitaipeleka nzima. Pumzika, Baba, Mola akulaze pema. Wakiuliza ni ya nani, nitajibu kabla hawajamaliza kuuliza.

Mwanao,
Zaituni